Ua la sebuleni: Litunze lisikuletee maradhi



Siku hizi si rahisi kuingia katika sebule ya mjini usikute ua la majani ndani ya chungu, limewekwa kando ya kochi au karibu na televisheni. Wengine hulinunua kwa wauza maua wa kando ya barabara, wengine hupewa zawadi wanapohamia nyumba mpya. Ni jambo jema. Kijani huburudisha macho, na kulea mmea kunamfundisha mtoto subira na utaratibu.

Lakini sisi tunaopokea wagonjwa katika zahanati tunaliangalia ua hilo kwa jicho la pili. Tunauliza: linamwagiliwa vipi? Maji yanayovuja chini yanakwenda wapi? Je, mtoto anayetambaa anayafikia majani yake? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua iwapo ua litakuwa pambo la nyumba au chanzo cha homa na vilio. Habari njema ni kwamba matunzo yanayoufaa mmea ndiyo hayo hayo yanayomfaa mwenye nyumba. Anayejua kuutunza vizuri, sehemu kubwa ya kazi ya kinga ameshaimaliza.

Ili tusizungumze kwa ujumla mno, leo tuchukue mmea mmoja ambao umeenea sana majumbani na maofisini.

MMEA WENYEWE NI UPI?

Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Sisi tutauita zamiokulkasi, na wapo wengi wanaoufupisha kwa herufi mbili tu, ZZ. Utautambua kwa majani yake mazito ya kijani kilichokolea, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Kila tawi linachomoka moja kwa moja kutoka udongoni, nene chini na jembamba juu, likiwa na vijani vilivyopangika pande mbili kama unyoya wa ndege. Ndani ya nyumba hufikia kimo cha sentimita 60 hivi, na ukiutunza vizuri huweza kukaribia mita moja.

Watu wengi hudhani mmea huu ni wa Ulaya kwa sababu wanauona katika maduka ya maua ya kisasa. Sivyo. Ni mzaliwa wa kwetu. Huota wenyewe kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hadi Afrika Kusini. Wazungu waliuandika katika vitabu vyao vya mimea mwaka 1829, lakini ulianza kuzalishwa kwa wingi kibiashara Uholanzi mwaka 1996, na kutoka hapo ukasambaa duniani. Nchini Australia wanauita kwa jina lenye maana ya kito cha Zanzibar.

Kwa nini nakueleza asili yake? Kwa sababu asili ndiyo inayokufundisha matunzo. Huko porini mmea huu huishi mahali penye kivuli na msimu mrefu wa ukame. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, na matawi yake nayo yamejaa maji. Ukame ukizidi huangusha majani, ukabaki na viazi vyake ukisubiri mvua. Ndani ya nyumba, ambako haukosi maji kabisa, hubaki kijani mwaka mzima. Basi huu ni mmea uliozoea kiu. Kinachouua ni maji mengi.

MAHALI NA MWANGA

Uweke mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua kali lisiupige moja kwa moja. Karibu na dirisha lenye pazia jepesi panafaa sana. Jua la mchana likiupiga kwa saa nyingi majani hubabuka na kuwa na madoa ya kahawia. Huvumilia pia chumba chenye mwanga hafifu, ila huko hukua polepole na matawi hurefuka yakiinamia upande wa mwanga. Ukiona hivyo, ugeuze chungu kidogo kila baada ya wiki mbili.

Usiuweke juu ya stuli au meza nyepesi ambayo mtoto anaweza kuivuta. Chungu cha udongo kilichojaa ni kizito, na kikimwangukia mtoto kinaweza kumvunja au kumjeruhi kichwa. Uweke mahali imara, juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika. Sababu nyingine ya kufanya hivyo tutaieleza mbele.

CHUNGU NA UDONGO

Chungu lazima kiwe na matundu chini. Wapo wanaonunua vyungu vizuri vya kauri visivyo na tundu hata moja, kisha wanashangaa mmea unaoza. Kama unapenda chungu cha namna hiyo, panda mmea katika kopo la plastiki lenye matundu, kisha ulitumbukize kopo hilo ndani ya chungu cha pambo. Siku ya kumwagilia utalitoa, utamwagilia nje, utaliacha lichuruzike maji yote ndipo utalirudisha.

Udongo uwe mwepesi, usiotuamisha maji. Changanya sehemu mbili za udongo wa mboji na sehemu moja ya mchanga wa mto. Usichukue mchanga wa baharini, una chumvi. Ukiwa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au vipande vidogo vya mkaa, ongeza kidogo, vitasaidia maji yapite haraka.

Samadi mbichi usiiingize ndani ya nyumba. Mbali na harufu na nzi, samadi na udongo hubeba vimelea vya pepopunda na huweza kubeba mayai ya minyoo. Tumia mbolea iliyooza kabisa, tena kidogo, kwa sababu mmea huu si mlaji. Unaposhika udongo vaa glovu, hasa kama una kidonda au mchubuko mkononi. Ukimaliza nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, na usugue chini ya kucha. Kama umejikata au kuchomwa na kitu chenye udongo, osha jeraha vizuri kwa sabuni, kisha nenda kituo cha afya waangalie kama unahitaji chanjo ya pepopunda.

MAJI: HAPA NDIPO WENGI WANAPOKOSEA

Ndugu msomaji, mazoea ya wengi wetu ni kumwagilia kila siku asubuhi kama tunavyomwagilia mchicha. Kwa zamiokulkasi hilo ni kosa. Kanuni yake ni hii: chukua kijiti kikavu, kichome udongoni kina cha vidole vitatu, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umeganda juu yake, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha usimwagilie tena mpaka udongo ukauke.

Kwa kawaida hiyo ni mara moja kila wiki mbili hadi tatu. Wakati wa joto la kaskazi unaweza kukauka mapema zaidi. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito na nguo hazikauki, hata wiki nne zinaweza kupita. Usifuate kalenda, fuata kijiti.

Dalili za maji kuzidi ni majani kugeuka manjano mengi kwa mara moja, tawi kulegea chini, na udongo kutoa harufu ya uvundo. Ukiona hivyo, ng'oa mmea, kata sehemu zilizooza kwa kisu safi, uache ukauke kivulini siku moja au mbili, kisha upande upya katika udongo mkavu. Udongo unaokaa na unyevu siku zote huota ukungu juu yake, na mbegu za ukungu zikiruka hewani zinaweza kumchokoza mtu mwenye pumu au mzio wa pua. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa pumu, usiweke vyungu katika chumba anacholala, na udongo wowote wenye utando mweupe uondoe mara moja.

Kwa wale wanaokinga maji ya udhu katika beseni ili yasipotee, maji hayo yasiyo na sabuni yanafaa kabisa kumwagilia. Ila yatumie siku hiyo hiyo. Usiyaache yakalala kwenye ndoo isiyofunikwa, kwa sababu tunayoieleza sasa.

KISAHANI CHA CHINI NA MBU

Mara nyingi utasikia mtu akisema, "Maua yanaleta mbu." Majani hayazai mbu. Kinachozaa mbu ni maji yaliyotuama, na katika nyumba zetu maji hayo mara nyingi yapo katika kisahani kilichowekwa chini ya chungu ili sakafu isichafuke.

Yuko mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Huyu hapendi madimbwi machafu. Anapenda maji masafi yaliyotulia karibu na watu: kisahani cha ua, chombo cha maua ya kukatwa, tairi bovu, kifuu, ndoo iliyosahauliwa uani. Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikutoshi. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na Mombasa mwaka 2013 na 2017.

Kwa joto la pwani, yai lake linaweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Hii ina maana kwamba ukimwaga maji na kusafisha kisahani mara moja kila wiki, unakata uzazi wake kabla haujakamilika. Lakini angalia jambo hili: mbu huyu hugandisha mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Kumwaga tu hakutoshi. Sugua kisahani kwa brashi na sabuni, ukisuuze, ndipo ukirudishe. Njia nyingine rahisi ni kukijaza mchanga hadi ukingoni. Mchanga utanyonya maji yanayovuja, na mbu hatapata uso wa maji wa kutagia.

Na pale homa inapokushika ghafla, kali, ikiambatana na maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, nenda ukapime. Usikimbilie kununua dawa dukani kwa kudhani ni malaria. Mpaka ijulikane kwamba si dengi, usimeze aspirini, aibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli kwa kipimo sahihi na maji ya kunywa kwa wingi ndiyo yanayofaa ukiwa njiani kwenda kwenye kipimo.

UTOMVU WAKE NA WATOTO

Kila aliyewahi kumenya magimbi (au majimbi, kama wasemavyo ndugu zetu wa Zanzibar) anajua mikono inavyowasha. Na aliyewahi kula gimbi ambalo halikuiva anajua koo linavyokereketa. Sababu ni vichembe vidogo sana vya kalsiamu oksaleti vilivyomo ndani ya mmea, vyenye ncha kali kama sindano. Ukitafuna, sindano hizo huchoma ulimi, fizi na koo.

Zamiokulkasi ni ndugu wa magimbi, ni wa ukoo mmoja, na vichembe hivyo anavyo. Kuligusa jani zima hakuna madhara kwa watu wengi. Tatizo linakuja jani likikatwa, likivunjwa au likitafunwa. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi, ukiingia jichoni huuma sana, na mtoto akitafuna atalia, atatokwa mate na midomo inaweza kuvimba. Ulipata kuenea uvumi kwamba mmea huu huua kwa kuugusa tu au huleta saratani. Hakuna ushahidi wa hayo. Lakini kutokuua si kibali cha kumwachia mtoto achezee.

Katika ukoo huo huo yuko mwingine mkali zaidi, difenbakia. Huyu ana majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, na shina nene lenye pingili kama muwa. Akitafunwa, ulimi unaweza kuvimba kiasi cha mtu kushindwa kusema. Kama una watoto wa umri wa kutambaa hadi miaka mitatu, huyu usimweke ndani kabisa. Kama unataka kijani kisicho na sumu, tafuta ule mmea wenye majani membamba marefu yenye mstari mweupe katikati, unaoning'iniza vitoto vyake pembeni mwa chungu. Jina lake la kitaalamu ni Chlorophytum comosum.

Mtoto akitafuna jani, fanya hivi:

1. Mtoe mabaki yote mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa safi chenye maji.

2. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya baridi au maziwa baridi kidogo kidogo. Hupunguza mwasho.

3. Usimtapishe kwa kumtia kidole kooni wala kumnywesha chumvi. Kinachotapikwa kitachoma koo mara ya pili.

4. Kama utomvu umeingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usitie dawa ya macho ya mtu mwingine.

5. Ukiona ulimi au koo vinavimba, sauti inabadilika, anapumua kwa shida, au anashindwa kumeza hata mate, mkimbize hospitali bila kusubiri. Beba na kipande cha mmea ili mganga auone.

JE, UA LINASAFISHA HEWA?

Wauzaji wengi husema hivyo. Chanzo cha maneno haya ni utafiti wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, wa mwaka 1989. Ni kweli uligundua kwamba mimea ilipunguza kemikali fulani hewani. Lakini ilijaribiwa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Nyumba yako si kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani walipitia upya majaribio ya namna hii, wakaona kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kingetaka mimea 120 kwa uchache. Ungelala wapi?

Nimelisisitiza hili kwa sababu lina hatari yake. Mtu akiamini ua linamsafishia hewa, anaweza kufunga madirisha na kuwasha jiko la mkaa ndani wakati wa baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Hakuna ua litakalokuokoa nayo. Jiko likae nje, na madirisha yafunguliwe kila siku. Dirisha lililo wazi husaidia pia kupunguza uambukizaji wa kifua kikuu na mafua.

Kinyume chake, wapo wanaoogopa kulala na ua chumbani wakisema linamaliza hewa usiku. Nalo halina msingi. Hewa inayotumiwa na mmea mmoja usiku ni ndogo mno ukilinganisha na ya mtu mliyelala naye chumba kimoja. Tena kuhusu zamiokulkasi, mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba ina uwezo wa kuvuta kabonidayoksaidi usiku, hila inayoisaidia kutunza maji yake.

USAFI WA MAJANI NA WADUDU

Majani mapana hukusanya vumbi. Yafute kila baada ya wiki mbili kwa kitambaa laini chenye maji matupu, ukikishikilia kijani kwa chini. Usipake mafuta ya kula ili yang'ae, maana mafuta hunasa vumbi zaidi.

Ukiona vijidudu vyeupe kama pamba au magamba madogo ya kahawia, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, uyafute majani, kisha uyasuuze. Rudia baada ya wiki. Tafadhali usipulize dawa za shambani ndani ya nyumba, na usihifadhi dawa yoyote katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi lebo. Anaona chupa ya soda, anakunywa.

KUUZALISHA

Mmea ukijaa chungu, uchomoe na utenganishe viazi vyake, kila fungu libaki na tawi, upande vyungu mbalimbali. Hii ndiyo njia ya haraka. Njia ya pili ni kukata kijani kimoja, kukiacha kikauke siku moja, na kukichomeka katika mchanga wenye unyevu kidogo. Kitafanya kiazi kidogo chini kwanza, na tawi jipya linaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka. Ukichagua kukiotesha ndani ya glasi ya maji, kumbuka mbu: badilisha maji na usugue glasi kila wiki. Kazi yote ya kukata ifanyike watoto wakiwa mbali, na mikono inawiwe kabla ya kugusa macho.

KWA UFUPI

Tuseme basi kwa maneno machache ambayo unaweza kumweleza hata msaidizi wa nyumbani: maji pale udongo unapokauka tu, kisahani kisuguliwe kila wiki, chungu kikae juu ya mkono wa mtoto, mikono inawiwe kwa sabuni, dirisha liwe wazi. Leo kabla hujalala, inama uangalie chini ya kila chungu ulichonacho. Ukikuta maji yametuama, usisubiri kesho.

Tukutane toleo lijalo, in shaa Allah.